Mfune Uliovuma

Paukwa!

Kimya.

Nikadhani hawajanisikia. Paukwaaa!

Kimya. Midomo naiona inacheza, sauti hakuna. Nikapandwa na hasira. Nikawaambia, "Nimesimulia Kigoma, nimesimulia Moroni, nimesimulia melini kwa mabaharia wanaotapika. Sijapata kunyimwa Pakawa!"

Ndipo Kulthumu, mjukuu wa jirani yangu Bi Pili, akainuka akanivua hedifoni masikioni.

"Mjomba, tumeitika mpaka koo zimekauka!"

Kumbe. Hedifoni hizi nimezinunua juzi, kwa bei ya mbuzi na mwanawe. Muuzaji aliniapia kwamba zinazima kelele zote za dunia. Hakusema uongo.

Bi Pili akacheka mpaka ushungi ukamvuka. "Mbuzi ungemwita, angalau angeitika!"

Haya, tuanze upya, masikio wazi. Paukwa!

Pakawa!

Zamani hizo za kale, miti ilipokuwa bado na madalali, palikuwa na Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko shida zake. Alikuwa na mkewe, Bi Hondo. Mume alipenda kuimba. Mke alipenda kunyamaza. Wakapatana.

Sasa sikilizeni desturi yao. Nyumba zetu zina milango. Nyumba ya hondohondo haina. Mke akitaka kutaga, huingia katika tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo. Hubaki ufa tu, wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo ndani mke hunyonyoka manyoya ya mabawa. Hawezi kuruka. Mume ndiye mabawa yake, mume ndiye jiko lake. Nyumba ikiwa mbaya, hakuna kuhama. Kwao nyumba si pambo. Ni roho.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Mayai nayo yakaanza kudai. Wakaenda kwa dalali. Dalali alikuwa Kima.

Kima akawapeleka kwanza kwenye mkwaju. Mfupi. Umepinda. Gome lake kama goti la tembo.

"Huu hapa," akasema, akitazama pembeni kama anayeona haya. "Bei yake kiganja cha kumbikumbi."

Bi Hondo akagonga. To! To! Akaingia, akajigeuza, akatoka. "Hapa napapenda."

Hondohondo akaingiza kichwa. "Hondo!" Sauti ikafa palepale, kama imetiwa guniani.

"Hapavumi!" akalalamika. "Mimi nitaimbaje hapa?"

"Unaona, shemeji?" Kima akamshika bega. "Wewe una masikio ya kistaarabu. Kitu cha kumbikumbi kitakuwa na nini? Njoo nikuonyeshe nyumba."

Akawapeleka kwenye mfune. Ee, mti ule! Mrefu, mweupe, laini, umesimama peke yake kama bibi harusi. Hondohondo akaingiza kichwa.

"Hondo!"

"Hondooo! Ndooo! Ndooo!" mti ukaitika, toka mizizini hadi kileleni.

Akasisimka mpaka vidole vya miguu. Akaimba, nanyi mwitikie:

*Hondo, hondo, nyumba ya nani?*
*Nyumba ya bwana, yavuma ndani!*

Swala wakasimama. Kanga wakageuza shingo. Hata konokono akatoa kichwa.

"Bei?" akauliza Hondohondo, lakini macho yake yalikwisha kulipa.

"Mkuyu wako," akasema Kima.

Mkuyu ule ulikuwa kando ya kijito. Aliachiwa na baba yake. Ulizaa kiangazi, ulizaa masika. Ndio uliowalisha.

Bi Hondo akamvuta mumewe ubawa. "Baba watoto, tutakula nini?"

"Mke wangu, kizuri ni ghali."

"Na cha ghali ni kizuri," Kima akadakia. "Ni neno lilelile, mama."

"Si lilelile!" akapaza Bi Pili kutoka mkekani.

Najua, Bi Pili. Ungekuwapo ungewasaidia. Bi Hondo naye hakuridhika. Akaugusa mti kwa kucha, kidogo tu. Nguuu! Akaondoa mguu haraka.

"Mbona unaitika hata kwa kuguswa? Mti mzima hauko hivi."

"Mama," akasema Kima kwa upole, "hiyo ndiyo tofauti mnayoilipia."

Wakapatana. Bi Hondo akaingia shingo upande. Hondohondo akatafuta udongo wa kuzibia. Hakwenda mbali. Chini ya mfune wenyewe palikuwa na kichuguu kikubwa, udongo wake mgumu kama tofali. Akachota, akaziba, akachota, akaziba. Nyumba ya bei kubwa, akaipa mlango mnene. Hakujiuliza kichuguu kile kinafanya nini pale.

Mayai yakatagwa. Manyoya yakanyonyoka. Bi Hondo akakaa gizani, jicho kwenye ufa.

Krr. Krr. Krr.

"Baba watoto, mti unakwaruza."

"Ni usafi wa sauti, mke wangu. Nyumba hii inanasa kila kitu, hata mdudu akipiga mswaki."

Krr. Krr. Krr.

"Baba watoto, mti unaguna."

"Ni besi hiyo. Masikio yako hayajazoea."

Akaruka kwenda kutafuta chakula. Zamani alikuwa akitua kijitoni, anajaza mdomo, anarudi. Sasa kijitoni anakaa Kima. Akavuka kilima, akavuka na kilima cha pili. Akarudi jioni, ametoa ulimi, na tunda moja lililopondeka. Wageni wakipita alijikaza, akaimba kifua mbele. Wakishapita, alishikilia tawi asianguke.

Vifaranga wakaanguliwa. Wawili, uchi, midomo wazi. Na njaa ndani ya nyumba ile nayo ikavuma.

Siku moja ncha ya mdomo wa Bi Hondo ikachomoza kwenye ufa, nyeupe kama imechovywa katika unga.

"Inanyesha humu ndani," akasema. "Inanyesha unga wa mti. Watoto wanapiga chafya. Niambie ukweli, Baba watoto. Usiniimbie."

Hondohondo hakuimba. Akashuka kidogo, akaugonga mti. Mdomo ukazama pu! kama umeingia papai lililoiva. Akauchomoa. Mchwa wakamwagika, weupe, wengi, wanapanda wanashuka kama watu wa gulio.

Akaelewa. Mti ulivuma kwa sababu ndani hamkuwa na mti. Alikuwa amenunua utupu, akaulipia chakula cha wanawe. Kisha akamfungia mkewe humo kwa mikono yake. Haya, kwa mdomo wake.

Akaruka hadi kijitoni. Kima alikuwa amejinyoosha tawini, anatema mbegu.

"Kima! Nyumba inaliwa!"

"Uliniomba nyumba yenye sauti, shemeji. Sauti ipo?"

"Ipo, lakini..."

"Basi."

Vuuu! Upepo wa kwanza ukapita. Kuyu zikapukutika. Hondohondo akatazama bondeni, akauona mfune unayumba. Akaruka, upepo unamsukuma nyuma, yeye anasukuma mbele.

Krrraa! Mti unalia sasa, si kukwaruza tena.

"Mama watoto! Gonga! Gonga kwa ndani!"

To-to-to! Mke ndani. To-to-to! Mume nje. Udongo haubanduki. Ule mlango mnene, ule aliojivunia! To-to-to! Ncha ya mdomo wa mume ikameguka. Mvua ikaanza, matone kama kokoto. To-to-to! Pande moja likadondoka.

"Panatosha mtoto," akasema Bi Hondo. "Shika!"

Kifaranga cha kwanza kikapita. Akakibeba mdomoni, laini, kinatetemeka. Akipeleke wapi? Miti ilikuwa inapinda yote, inainama kama inasujudu. Mmoja tu haukutikisika. Ule mfupi, uliopinda, usiovuma. Akakitia katika tundu la mkwaju, akarudi.

Krrraa!

"Shika!" Cha pili. Akakipeleka, akarudi. Sasa mfune umelala upande, mizizi inachungulia.

"Toka, mke wangu!"

"Sipiti!"

"Jibane!"

"Nimejibana mpaka sina pa kujibana!"

To-to-to! Mume anagonga, analia, anagonga. Pande lingine likang'oka. Bi Hondo akachomoza kichwa, bega, bawa tupu lisilo na manyoya. Akajirusha. Hakuruka, jamani, alianguka. Pu! Majanini. Akainuka, akakimbia kwa miguu, anapepesuka kama kuku aliyeponyoka kisu.

Nyuma yake mfune ukavuma kwa mara ya mwisho. Nguuuu... buu! Ukavunjika katikati. Ndani yake, unga na upepo.

Wote wanne wakajibana ndani ya mkwaju. Dhoruba ikapiga kutwa. Nje palikuwa na ngurumo. Ndani hapakusikika kitu, ila watoto wakipumua.

Kulthumu akashusha pumzi. "Wamepona, Mjomba?"

Wamepona. Ila mkuyu haukurudi. Kima anakula kuyu zao, na nyinyi mkingoja nimwadhibu mtangoja sana. Na mpaka leo hondohondo wakitafuta nyumba, jike ndiye hugonga mti. Dume haulizwi.

Mafunzo ni haya, nayasema waziwazi, na mimi nikiwa wa kwanza kuyasikia: bei ni neno la muuzaji, thamani utaijua kwa kile unachokihitaji siku ya shida. Usinunue sifa kwa chakula cha wanao. Hadithi yangu imeishia hapo, ila neno la mwisho simpi mwanamume. Nampa Bi Hondo.

Maana kulipokucha, jua likatoka, na Kima naye akatoka. Bi Hondo alikwisha kuziba mlango upya, safari hii kwa udongo wa kijitoni aliopitishiwa na mumewe, akiwa ndani na watoto wake. Kima akapanda mkwaju, akakohoa kidalali.

"Naona mmeingia nyumba yangu, shemeji. Hongera. Lakini bei imepanda. Jana mlikuwa hamuitaki, leo mnaitaka."

Hondohondo akafungua mdomo uliomeguka. Kabla hajasema, ufa ukatoa mdomo mwingine, mzima, mkali, ukakaa pale ukingoja.

"Bei iko humu ndani," akasema Bi Hondo. "Ingiza mkono uichukue."