Behewa Lililoshiba Upepo

Kuuliza si ujinga. Maana yake ni kwamba anayeuliza huona haya dakika moja, lakini asiyeuliza hukaa na kutojua kwake kama mtu mwenye mwiba unyayoni, huku akijifanya anatembea kwa maringo.

Mwiba wa namna hiyo ulimchoma seremala mmoja mstaafu, aliyeitwa Fundi Milimita kwa sababu hata mkate aliukata kwa rula. Yeye na wenzake sita walikuwa na chama cha treni ndogo za mezani. Reli yao ilikuwa nyembamba, upana wa kidole gumba, na sheria yao ilikuwa kali: behewa likianguka mara mbili siku ya maonyesho, linaondoka mezani hadi mwaka ujao.

Fundi alinunua behewa la mezani la mizigo, lililoundwa kwa reli pana kuliko yao, akalipunguza kiuno kwa msumeno, akalitia magurudumu manane madogo na milango ya mbao inayofunguka kwelikweli. Miezi minne ya kazi! Lakini kila alipolijaribu nyumbani likiwa katikati ya treni, likifika konani, pu! Chali kama mende.

"Kitendawili!" mkewe alimwambia.

"Tega."

"Nina miguu minane, siendi mpaka nivutwe, na nikivutwa naanguka."

"Unanicheka, mama watoto."

"Nikucheke kwa lipi? Si ukamuulize Bibi Saa? Mabehewa yake hayaanguki."

Bibi Saa alikuwa mwanachama mwenzake, fundi wa kutengeneza saa.

"Nimeshika randa miaka thelathini, leo nikaulize kwa mtu wa saa?" Fundi akang'aka. Akachukua msasa, akalikwangua behewa sakafu liwe jepesi zaidi, akiamini kwamba kitu chepesi hakisumbui njiani.

Siku ya maonyesho ikafika. Injini ikavuta mabehewa tisa, la Fundi katikati. Kwenye kona likainua mguu kama mbwa penye ukuta, likalala. Ukumbi ukaguna.

"Moja!" akahesabu mwenyekiti.

Fundi alibakiwa na nafasi moja tu. Akalibeba behewa hadi kwa Bibi Saa.

"Dada, hebu niambie. Linaangushwa na nini?"

"Alaa! Nilidhani utakufa nalo moyoni!" Akalipima kiganjani. "Limeshiba upepo tu hili, kaka. Injini inavuta mbele, mabehewa mazito yanakaza nyuma. Lako jepesi linang'ang'aniwa katikati kama mtoto wa wazazi wanaogombana. Lipe uzito, tena uwe chini."

Akatoa nati nne kwenye kikopo chake, wakazigandisha chini ya sakafu kwa gundi, katikati ya magurudumu.

Treni ikaondoka tena. Fundi akafumba jicho moja. Behewa likaingia konani, likatikisika, likasita… likapita, limetulia kama bibi harusi. Likazunguka mara ya pili, na ya tatu.

Watu walipokuwa wakipiga makofi, Bibi Saa akamvuta shati.

"Kaka, na mimi nina langu. Hiyo milango yako inafungukaje? Yangu naichora kwa rangi tu, mwaka wa pili huu. Nilikuwa naona haya kukuuliza."

Fundi akacheka hadi miwani ikamshuka puani. Akamvutia kiti, akatoa rula, wakainama pamoja juu ya kibawaba kidogo kuliko punje ya mchele. Waliohofia kuonekana wajinga walikuwa wawili, na kila mmoja aliondoka na ujuzi wa mwenzake, kwa maana kuuliza si ujinga.