Kanga ya Aliyenilisha

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Mgahawa wa Mama Kalunde, pale Tabora karibu na stesheni, ulikuwa na wanawake watatu. Nyamizi mpishi alikuwa na mkono: hata mchicha mtupu akiupika, utaomba uongezewe. Mwanahawa mhudumu, Mzaramo huyo, alikuwa na mdomo wa kumchekesha hata aliyefiwa. Siwema mwosha vyombo alikuwa na macho, ingawa yeye mwenyewe hakuna mteja aliyewahi kumwona.

Mama Kalunde alikuwa na sheria moja. "Mshahara ni juu yangu, na sipunguzi kitu eti kwa sababu mmepewa bakshishi. Bakshishi ni yenu. Mgawane sawa, mpaka aliyeko karoni."

Basi mzee Kapela, mteja wa siku nyingi, akafiwa na mkewe. Akawa anakuja, anaagiza, anaacha sahani imejaa. Alikonda mpaka tukamwogopea.

Siwema, kule karoni, akaona kitu: wali umerudi mzima, ila kipande cha ukoko kilichoponyokea sahanini kimeliwa. Akamnong'oneza Nyamizi, "Dada, huyu anataka ukoko. Labda ndio aliokuwa akiwekewa nyumbani."

Nyamizi akaupika ukoko kwa makusudi, mwekundu, usioungua, akaumwagia mchuzi wa karanga.

Mzee akautazama tu, machozi yakimlenga. Mwanahawa akavuta kiti. "We Mnyamwezi, ukifa kwa njaa, mimi mtani wako ndiye nitakayehangaika na mazishi, na leo mgongo unaniuma. Kula!" Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akala, akamaliza.

Kesho yake akamletea Mama Kalunde doti ya kanga, mpya, ambayo marehemu hakuwahi kuivaa. "Mpe aliyenilisha," akasema, akawahi treni kwenda kwa mwanawe.

Hapo sheria ikakwama.

"Nimemlisha mimi," akasema Nyamizi. "Au alikula maneno?"

"Na ukoko wako ungekuwa mezani mpaka leo," akajibu Mwanahawa.

Siwema akafuta mikono. "Mimi hata hanijui. Lakini nisingeona, mngempelekea wali mpaka amfuate mkewe."

"Basi iuzwe, mgawane," akasema Mama Kalunde.

Wote watatu wakamgeukia. "Kanga ya marehemu?"

Kuikata nako, doti hutoa vipande viwili tu, na hakuna aliyetaka kumwona mwenzake akibaki mikono mitupu.

Nawapenda wote watatu, ndiyo maana nimeshindwa. Kanga bado inaning'inia msumarini, na Jumamosi mzee anarudi. Haya, semeni ninyi: akiingia mlangoni, amkute nani ameivaa?