Bunduki ya Bwana Lutonja

Bwana Lutonja alinunua shamba jirani na Bi Minza, na kila alfajiri akawa analenga makopo kwa bunduki yake. Kuku wa Bi Minza wakayakimbia mayai waliyokuwa wakiyatamia. Risasi moja ikatoboa ndoo yake ya maji. Akaenda kulalamika.

"Shamba langu, bunduki yangu, kibali ninacho," Bwana Lutonja akamjibu huku akikoroga chai. "Wewe inakuhusu nini?"

"Hainihusu, baba," Bi Minza akasema kwa upole. "Nakuhofia wezi tu. Wakikuvamia, utatuitaje?"

Bwana Lutonja akacheka. "Kwa hiyohiyo bunduki, mama! Mkisikia mlio, njooni mbio kijiji kizima. Na mila yenu ya kuwapikia walioitikia yowe naijua. Mimi si mchoyo."

"Ahsante, baba. Nitawaambia."

Alfajiri iliyofuata, kopo la kwanza lilipoanguka tu, lango likasukumwa. Wakamiminika wanaume wenye marungu na wanawake wenye michi.

"Wezi wako wapi?"

"Wezi gani? Nalenga makopo!"

"Tungejuaje, baba?" akauliza Bi Minza, akijivutia kigoda. "Haya, tumeitikia."

Mbuzi akachinjwa. Kesho yake, mlio ukasikika, akachinjwa mwingine.

Siku ya tatu hakukuwa na mlio. Bwana Lutonja alisimama mlangoni kwa Bi Minza, kofia mkononi.

"Hodi, jirani. Nimejenga tuta la udongo nyuma ya makopo. Naomba kulenga leo alasiri, kama kuku hawatasumbuka."

"Ngoja niwaulize," Bi Minza akasema, akaingia bandani.