Mkoba Mwepesi wa Chilongani

Kikavu hupimwa majini.

Mnanicheka. Mmenyanyua mkoba wa chakula niliowafungia kwa safari yenu ya mlimani, mmeuona mwepesi kama mto wa kulalia, na sasa mnanitazama kama nimewapunja. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Watu watano wa idara ya misitu walikuwa wanapanda milima kwa siku nne, kupaka rangi upya alama za mpaka wa hifadhi. Kiongozi wao aliitwa Mbwambo. Mbeba mizigo mkongwe aliitwa Kihiyo, mtu aliyepima kila kitu kwa bega lake. Safari hiyo walikuwa na mpishi mpya, Chilongani, Mgogo wa Dodoma, aliyechukuliwa kwa majaribio. Akifanya vizuri, kazi ni yake. Akiharibu, anarudi nyumbani kumweleza mkewe.

Unga wa ugali walibeba wengine. Mboga, nyama na viazi vya asubuhi vilikuwa kwa Chilongani, vyote kwenye mkoba mmoja. Siku ya kuondoka, Jumatatu, Kihiyo aliunyanyua ili amsaidie kuuvaa, akaurudisha chini taratibu. Alimfuata Mbwambo akamnong'oneza kwamba mpishi ameuza chakula sokoni pale chini, maana jana walimwona akicheka sana na mama muuza dagaa.

Basi njia nzima wakawa wanamchunga. Akiinama kufunga kamba ya kiatu, wote wanasimama. Akienda kichakani, kuna mtu anakohoa karibu yake. Walipomwambia afungue mkoba alikataa, akasema ukungu ukiingia mle kila kitu kitaota kuvu. Hapo ndipo walipopata uhakika. Nani hufunga chakula kama hirizi?

Saa tisa alasiri wakafika kambini, Mbwambo akaamuru mkoba ufunguliwe. Vikatoka vifurushi vidogo vya nailoni: mlenda mkavu, majani ya kunde yaliyochemshwa yakaanikwa, viazi vitamu vilivyokauka kama vigae, na nyama kavu nyembamba kama ulimi wa kiatu.

"Hizi ni takataka za kufagia," Kihiyo alisema.

"Ni siku nne hizo, kaka. Kila siku na mboga yake."

"Siku nne za panya, labda."

Mbwambo hakucheka. "Chilongani, kama umeuza chakula, sema sasa. Jua bado lipo, utashuka."

"Nipe sufuria ya maji, mkuu. Tukilala njaa leo, nitashuka mwenyewe na kazi yako nitakuachia."

Maji yakachemka. Chilongani akatia konzi mbili za kunde na vipande vichache vya nyama, akaenda kuongeza kuni. Kihiyo akachungulia. Aliona majani yanaelea kama nywele kwenye sakafu ya kinyozi, akajua mchezo: mpishi anabana ili kidogo kilichobaki kimfichie wizi wake siku nne. Akamimina vifurushi vyote sufuriani, mlenda juu ya viazi, akafunika.

Mpishi aliporudi, mfuniko ulikuwa unapanda wenyewe. Wakajaza sufuria ya pili, kisha karai la kunawia, kisha kofia ngumu ya Mbwambo, na bado vinakuja. Viazi vimevimba, nyama imenenepa, na mlenda umevishika vyote pamoja.

Chilongani akakaa juu ya jiwe. Akauliza nani ametia. Macho yakamgeukia Kihiyo.

"Kile kilikuwa chakula cha mpaka Alhamisi," akasema. "Sasa ni cha leo."

Mbwambo akamwomba radhi mbele ya wote, akamwambia kazi ni yake. Mseto ule waliula siku mbili, asubuhi, mchana na jioni, ladha ileile, mpaka ukachacha. Siku mbili za mwisho ilikuwa ugali na chumvi.

Safari iliyofuata, mbeba mizigo mgeni alinyanyua mkoba wa Chilongani, akaupimapima mkononi, akaanza kumtafuta Mbwambo kwa macho. Kihiyo akamvuta pembeni.

"Tulia, ndugu yangu," akamwambia. "Kikavu hupimwa majini."