Fisi Alivyolisugua Gari la Mkunga

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa pua, ikafika kabla ya mwenyewe.

Ikanusa nini?

Ikanusa gari. Sogeeni karibu. Asiyenawa miguu akae kule upepo unakoelekea.

Hapo kale, si kale sana, kale ya magari, alikuwako Pimbi. Pimbi alikuwa mdogo, hana mkia, na kazi yake ilikuwa ukunga. Wanyama wote wa bonde lile walizaliwa mikononi mwake: ngiri, pundamilia, hata twiga, aliyempokea akiwa amesimama juu ya kichuguu. Zahanati, ya uzazi mgumu unaomshinda hata yeye, ilikuwa ng'ambo ya kilima, mbali. Mwaka uliopita Swala alikwenda huko kwa miguu, uchungu ukamkuta njiani juani, na mtoto hakuishi. Pimbi alikuwa naye. Alimfunika yule mtoto kwa majani, kisha akamwambia mama yake, "Mwanangu, ukijaliwa mwingine, hutatembea."

Ndiyo maana akalitaka gari. Na mwenye gari bondeni alikuwa mmoja tu, Fisi. Pimbi akaokota mifupa machinjioni msimu mzima, akajaza magunia matatu, akampelekea. Fisi alipoiona mifupa, udenda ukamtoka chururu. Wakabadilishana siku hiyohiyo. Na gari lilinukia siku ile, msiniulize. Fisi alikuwa amelifukiza udi tangu alfajiri, akalipulizia marashi mpaka darini. Pimbi akaketi juu ya mito mitatu ili aione njia, akashika gongo la kukanyagia mafuta, akaliendesha nyumbani, ngu ngu ngu, huku anaimba.

Siku ya kwanza, gari likanukia udi. Siku ya pili, udi ukapungua. Siku ya tatu, udi ukaaga, na aliyekuwa amelala chini ya udi akaamka. Mimi mwenyewe niliwahi kusafiri katika gari lililobeba dagaa wiki nzima, nikashuka paka wawili wananifuata. Lakini dagaa ni marashi ukilinganisha na hilo.

Swala alikuwa na mimba tena, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Pimbi akamletea gari mlangoni ajaribu kupanda. Swala akachungulia, akanusa mara moja, akaruka nyuma kwa miguu yote minne. Ilikuwa harufu ya Fisi, na ndani ya harufu ya Fisi, harufu ya ndugu zake.

"Bibi, nisamehe," akasema. "Heri nitembee."

Pimbi hakumlaumu. Alikwenda nyuma ya nyumba akalia kidogo, akafuta macho, akalipekua gari zima. Chini ya kiti cha nyuma mkono wake haukufika, na kiti chenyewe kilikazwa kwa boliti kubwa kama kichwa chake. Akaenda kwa Fisi, akamweleza shida yake yote, hata habari ya yule mtoto wa njiani.

Fisi alikuwa na mfupa mdomoni, na hakuutoa. "Nilikupa gari na vyote vilivyomo," akasema. "Harufu imo, kwa hiyo ni yako. Na ukinisumbua nitalichukua gari langu. Mimi mali yangu siijui kwa macho, naijua kwa pua."

Na angelichukua kweli. Nani angemzuia? Pimbi akainamisha kichwa, akawaza mpaka sikio likamwasha.

"Ahsante, Bwana Fisi," akasema kwa upole. "Basi na nyama iliyomo ni yangu."

Fisi akaacha kutafuna. "Nyama gani?"

Pimbi akamwambia kuwa harufu kubwa namna ile haitoki hewani. Mna nyama imezama ndani ya gari, nyama kongwe, iliyojiivia yenyewe. Yeye mtu wa majani haimfai kitu, ila inahitaji fundi wa kuitoa, na kazi hiyo ina masharti, Fisi haiwezi. Fisi akasema anaiweza. Pimbi akasema haiwezi. Fisi akawa keshatangulia njiani.

"Anayeitoa ndiye anayeila?" akauliza bila kugeuka.

"Ndiye anayeila."

Siku ya kwanza Pimbi akamwambia kuwa nyama iliyozama hupenda jua, na ukiikimbilia inazama zaidi. Fisi akafungua milango yote, akang'oa kapeti, akaburuta, akaanika juu ya mawe. Pimbi akakaa kivulini akaimba, nanyi mnisaidie:

Kilichojificha?

Toka!

Fisi anangoja?

Toka!

Jioni Fisi akaingiza pua, nusu nusu nusu. "Ipo," akasema. "Ipo," akasema Pimbi. "Basi kesho." "Basi kesho."

Siku ya pili Pimbi akamwambia kuwa nyama iliyozama huchokozwa kwa sabuni na siki. Fisi akachota maji mtoni, akasugua milango, akasugua dari, akasugua mikanda, kwaru kwaru kwaru. Sabuni ikamwingia machoni, siki ikamwingia kwenye manyoya. Maskini, hakuwahi kuoga tangu azaliwe, na siku hiyo alioga bila kujua. Pimbi akaimba:

Kilichojificha?

Toka!

Fisi anangoja?

Toka!

Jioni, nusu nusu nusu. "Ipo." "Ipo." "Basi kesho." "Basi kesho."

Siku ya tatu Pimbi akasema sasa imekaribia, kinyanyuliwe kiti cha nyuma. Fisi akakamata boliti kwa meno, kwacha, akanyanyua kiti. Chini yake palikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko palikuwa na utumbo wa nyati. Fisi akautazama. Ulikuwa wake mwenyewe. Aliuficha masika yaliyopita ili asigawane na mkewe, kisha akausahau, maana mroho huficha vingi kuliko anavyokumbuka. Akaumeza na mfuko wake.

Pimbi akakuna shavu. "Nyama kama ile haikai peke yake," akasema. "Huenda ina mwenzake."

Basi Fisi akaanza upya. Akasugua pale palipokuwa na mfuko mpaka bati likang'aa. Akamwagia viti magadi soda, akavikung'uta, pu pu pu. Akaweka makapu ya mkaa ndani, moja mbele, moja nyuma, moja kwenye buti, kwa kuwa Pimbi alimwambia mkaa huvuta kilichobaki. Hapo Pimbi hakusema uongo. Fisi akarudisha kapeti, akakaza boliti, akaenda kulala amechoka hoi.

Asubuhi ya siku ya nne Fisi akaja na hasira. Yule mwenzake wa nyama ile hakutokea. Akasema amefanya kazi siku tatu kwa utumbo mmoja, utumbo wake mwenyewe, kwa hiyo gari analichukua. Akafungua mlango, akaingia, akafunga vioo. Pimbi akasimama nje, akitazama njia ya kwa Swala, maana kule nyumbani Swala alikuwa ameanza uchungu tangu alfajiri.

Fisi akanusa usukani. Nusu nusu. Akanusa kiti. Nusu nusu. Akanusa dari. Akashuka, uso umemshuka.

"Hili si gari langu," akasema. "Langu nalijua."

"Pole, Bwana Fisi," akasema Pimbi.

Fisi akaenda zake. Alipofika nyumbani, mkewe akamnusa mlangoni, nusu nusu, akamwambia mume wangu hayupo, mgeni rudi baadaye. Wanasema usiku huo alilala nje.

Pimbi akaliendesha gari mpaka kwa Swala. Swala akaja polepole, akanusa mara moja. Akanusa mara ya pili. Akapanda. Walipofika njiani pale penye yale majani, Swala akafumba macho, na Pimbi akakanyaga mafuta kwa gongo lake, ngu ngu ngu, mpaka zahanati. Mtoto alizaliwa adhuhuri, akasimama kabla hawajamaliza kumsifu.

Waliporudi, yule mtoto alicheua maziwa kwenye kiti cha nyuma. Harufu hiyo imo mpaka leo. Pimbi hajawahi kuisugua.

Hadithi imefika. Ikiwa imenukia, gawaneni. Ikiwa imenuka, niachieni mwenyewe nitaianika.

Na funzo lake ni hili, mlishike vizuri: watoto, msiwe kama Pimbi, mdanganyifu aliyekaa kivulini akiimba wakati mwenzake anasugua. Muwe kama Fisi. Fisi ana bidii, Fisi haachi kazi katikati, Fisi alioga. Kesho asubuhi gari la baba yenu liko uani, chafu, na nimesikia kuna nyama imezama ndani yake.