Nyati Aapishwa Ugavana

Hapo zamani za kale, wanangu, siku moja kisimani walikuwepo hawa: Nyati, mlinzi wa kisima, Twiga, mwenyekiti wa baraza, Mama Digidigi na mwanawe mgonjwa, na Nguchiro, karani mdogo wa baraza, katiba ikiwa kwapani.

Kisima kilikuwa na mfuniko na kufuli. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Nyati.

"Baba Nyati, mtoto ana homa," alisema Mama Digidigi. "Kikombe kimoja tu."

"Njoo kesho. Leo naoga." Pwaaa! Akajimwagia ndoo nzima.

Mama Digidigi alimlamba mwanawe midomo iliyokauka. Nguchiro aliona. Akakohoa, kho, kho!

"Mzee Nyati, kiti cha gavana kiko wazi. Baraza linatafuta mkubwa."

"Mkubwa? Hapa kuna mkubwa kuliko mimi?"

"Simwoni," alisema Twiga, ambaye huona mbali.

Nguchiro akafungua katiba. "Nisome masharti. La kwanza, gavana atapewa nyumba, wala hatalipa kodi."

"Ehee!"

"La pili, majani yake ya mshahara hayatapunguzwa mpaka amalize miaka mitano."

"Lo! Niapishe!"

"Yamebaki mawili, mzee."

"Unanichelewesha!"

"Mafupi tu."

"We kidudu, niapishe kabla sijakukanyaga!"

Basi Nyati akainua mguu, akaapa kuyafuata masharti yote. Twiga akapiga ngoma, ti! ti! ti!

"Hongera, Mheshimiwa," alisema Nguchiro, akafunua ukurasa. "La tatu, gavana hatashika kazi nyingine yoyote. Naomba ufunguo."

"Ati nini?" Nyati akapiga kwato, puu! "Mimi ni mjumbe wa baraza! Kesho nalifuta sharti hilo!"

"La nne," Nguchiro akasoma kwa sauti ileile, "gavana hawi mjumbe wa baraza."

Nyati akamtazama Twiga. Twiga akatazama mawingu.

"Na nikijiuzulu sasa hivi?"

"Ruhusa, Mheshimiwa. Nyumba utarudisha, majani utarudisha. Ulinzi uliuacha ulipoapa, basi ufunguo utakaa na baraza mpaka lichague mlinzi mwingine."

Nyati akayafikiria yale majani. Akauvua ufunguo.

Nguchiro akafungua kufuli, kacha! Mama Digidigi akateka maji. Kolo, kolo, kolo! Mtoto akanywa, akafumbua macho, akaomba tena.

Nyati alikuwa ameketi pembeni, kichwa chini. Mama Digidigi akajaza kikombe cha pili, akampelekea.

"Pole, Mheshimiwa. Kunywa."

Anayetaka cheo, wanangu, asikilize masharti yote kabla ya kuapa.

Nyati alikaa ugavanani miaka mitano, akipanga foleni kisimani kama wengine, na akichelewa, Mama Digidigi alimshikia nafasi.