Kidukari Aliyeonja Tu

—Haya, masikio!

—Yapo!

—Yapo wapi? Mbona nasikia watu wawili? Masikio!

—Yapo!

Afadhali. Hapo kale, kale sana, palikuwa na mitango mitatu kando ya kisima. Mtango wa kwanza uliingiwa na Ugonjwa. Ugonjwa huyo hana miguu, hana mabawa, na kutembea anataka. Afanyeje? Akautia mtango harufu tamu, na utomvu wake akautia uchungu.

Kidukari, mdudu mdogo mwenye mimba ya watoto arobaini, akanusa. "Hapa ndipo watakapozaliwa wanangu!" Akatua, akadunga mdomo. Aka! Uchungu! Akatema, akaondoka kwenda mtango wa pili.

Chura wa kisimani akamwita, "Mama Kidukari, kanawe mdomo kwanza!"

"Ninawe nini? Sikula, nimeonja tu!"

Jamani, uchafu unajua tofauti ya kula na kuonja? Akaudunga mtango wa pili kwa mdomo uleule. Mtamu! Akazaa watoto arobaini, wakanyonya wakanenepa. Siku ya saba majani yakaingia madoadoa. Harufu ikazidi utamu, utomvu ukawa mchungu. Wakatema.

"Naweni midomo, nyote!" Chura akapiga kelele.

"Hatukula, tumeonja tu!"

Loo! Mama mbishi, na watoto wabishi arobaini. Wakatambaa mpaka mtango wa tatu. Safari hii Chura alijitumbukiza kisimani. Alichoka, na mimi namwelewa. Wakadunga, wakala siku chache, madoadoa yakaja, uchungu ukaja.

Mtango wa nne hapakuwa nao. Watoto wakalia njaa, wakaanguka mmoja mmoja chini ya majani. Kidukari akarudi mtango wa kwanza, analia.

"Wewe Ugonjwa! Ulinikaribisha kwa harufu nzuri vile. Mbona hukunipa chakula? Wanangu wanakufa!"

Ugonjwa akacheka. "Ungeshiba, ungekaa. Ungekaa, nani angenibeba?"

Mmesikia? Au nirudie? Mwenyeji anayekuita kwa bashasha, ukifika hataki ukae, ana mzigo wake anataka umpelekee. Na ukiambiwa nawa, nawa, usilete maneno.

Ngano yangu naiacha hapa. Ikiwa nzuri igawaneni, ikiwa mbaya niachieni mwenyewe.